Kati ya Wangapi?



Kila mgonjwa wa kuhara anayeletwa katika hospitali yetu huulizwa maneno machache hata kabla serumu haijamaliza kuingia mshipani. Una miaka mingapi? Unakaa mtaa gani? Kuhara kulianza siku gani? Maji ya kunywa unachota wapi? Wengi hujibu kwa upole. Wengine hukasirika, husema, “Mimi nakufa, ninyi mnaandika.” Wengine hujibu neno lo lote linalokuja mdomoni, ili mwuguzi aondoke upesi. Tena wako wanaotaja mtaa usio wao kwa makusudi, maana waona haya, wasitake majirani waone watu wa afya wakipuliza klorini katika lupango lao.

Kwa ajili ya hao wote naandika. Nataka kueleza majibu yale yanakwenda wapi, na kwa nini nasema kwamba hesabu zinazotoka katika majibu hayo ni mali yenu ninyi mliozitoa, wala si mali ya ofisi. Na zaidi ya hayo nataka kuwafundisha swali moja fupi. Mkilishika hilo, itakuwa vigumu mtu kuwadanganya kwa tarakimu. Swali lenyewe ni hili: kati ya wangapi?

Najua kwamba wazee wetu hawakupenda kuhesabiwa. Mama akiulizwa watoto wake ni wangapi alijibu kwamba Mungu amempa, akanyamaza. Wakati wa Wabelgiji, mtu aliyekuja na kitabu cha majina alifuatwa nyuma na kodi na kazi ya barabara. Baada ya hapo zikaja vita, na watu wa pwani hii wakajifunza kwamba jina lililoandikwa laweza kumletea mwenyewe hatari. Mimi siwacheki. Hata kanisani wako wanaokumbusha habari ya Mfalme Daudi, jinsi alivyowahesabu watu na tauni ikaja. Lakini someni tena habari ile. Daudi alihesabu wenye kushika upanga, apate kujua nguvu zake. Mchungaji mwenye kondoo mia alihesabu kwa sababu nyingine. Kama asingehesabu, asingejua kwamba mmoja hayupo. Hesabu ya hospitali ni ya namna hii ya pili.

Basi nianze na jambo la karibu. Mwaka wa 2020, mwezi wa Aprili, mto Mulongwe ulifurika, ukabomoa nyumba nyingi za Uvira, watu wakafa, na mabomba ya maji yakaharibika. Mwaka ule ule ilitolewa mjini chanjo ya kumeza ya kipindupindu, ugonjwa ambao sisi huku twauita kolera. Tangu hapo nimesikia mara nyingi neno hili: “Chanjo ile ni bure, maana wengi waliolazwa kituoni kwa kolera walikuwa wamechanjwa.” Anayesema hivyo hasemi uongo. Ameona kwa macho yake. Ila ameona upande mmoja tu.

Tufanye mfano. Tuseme mtaa mmoja una watu 1,000. Kati yao 800 walimeza chanjo, na 200 hawakumeza. Kolera ikaingia. Katika wale waliochanjwa wakaugua 16, na katika wale wasiochanjwa wakaugua 8. Mtu akisimama mlangoni pa kituo ataona waliochanjwa ni mara mbili ya wasiochanjwa, naye atarudi sokoni kutangaza kwamba chanjo yenyewe ndiyo yaleta ugonjwa. Mwulize: hao 16 ni kati ya wangapi? Ni kati ya 800, maana yake watu 2 katika kila 100. Na wale 8? Ni kati ya 200, maana yake watu 4 katika kila 100. Kumbe aliyechanjwa alikuwa na nusu tu ya hatari ya jirani yake! Tarakimu ni zile zile, lakini neno limegeuka kabisa.

Mfano huu nimeutunga, lakini nusu hiyo sikuitunga. Watafiti walifuata habari za chanjo ile katika Uvira, na mwaka wa 2024 matokeo yakatangazwa: dozi moja tu ya chanjo ilipunguza kolera kwa nusu hivi baada ya mwaka mmoja, na kidogo chini ya nusu ilipofika miaka miwili mpaka mitatu. Nusu si yote. Aliyechanjwa anapaswa bado kuchemsha maji yake na kunawa mikono. Lakini nusu ya wagonjwa wa mji mzima si kitu cha kutupa.

Neno lingine ninalolisikia ni chungu zaidi kwetu sisi wauguzi: “Hospitali inaua.” Hili nalo lina mizizi yake. Tuseme katika mwezi mmoja wagonjwa wa kuhara 300 wanafika kituoni, na 3 kati yao wanakufa. Kijiji kimoja juu mlimani watu 10 wanaugua wakabaki nyumbani, na 2 wanakufa. Habari itakayotembea barabarani ni kwamba hospitalini wamekufa watatu na nyumbani wawili. Hakuna atakayesema kwamba hospitalini alikufa mmoja katika kila mia, na nyumbani mmoja katika kila watano. Tena kumbukeni kwamba wanaoletwa kwetu ni wale waliozidiwa. Mara nyingi macho yamekwisha kuingia ndani na mishipa haionekani. Kwa hiyo hata ulinganifu huo unaionea hospitali kidogo. Kolera kali isipotibiwa yaweza kuua nusu ya wanaoipata. Ikitibiwa mapema kwa maji ya chumvi na sukari na serumu, wanaokufa hawapaswi kufika hata mmoja katika mia. Kituo kikipita kiasi hicho, watu wana haki ya kuuliza kuna nini, nasi tuna wajibu wa kujibu.

Pengine hatujui hao wangapi wenyewe ni wangapi. Watu wa Kivu hawajasahau mwezi wa Julai wa mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipomiminika Goma. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000, wengi wao kwa kolera na kuhara damu. Maiti zilihesabika, maana zilikusanywa kwa malori. Lakini walio hai walikuwa wangapi? Wengine walisema 500,000, wengine 800,000. Gawanya mwenyewe: ikiwa walikuwa 500,000, walikufa 10 katika kila 100, ikiwa walikuwa 800,000, walikufa 6 katika kila 100. Wafu ni wale wale, na kutojua idadi ya walio hai kumeacha pengo kubwa namna hii. Tena si idadi ya vifo tu. Anayepanga bidoni ngapi za maji zipelekwe kambini anahitaji hesabu ya wanaokunywa.

Katika nchi yetu pengo hili ni la kila siku. Hesabu ya watu wa Kongo nzima ilifanywa mwaka wa 1984, na tangu hapo haijarudiwa. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo aweza kuwa babu. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba eneo fulani lina watoto kadhaa wa kuchanjwa, mara nyingi ni makadirio yaliyojengwa juu ya makadirio. Ndiyo sababu pengine mtaona katika ripoti kwamba watoto 110 katika kila 100 wamechanjwa surua. Msifurahi mno! Haiwezekani kuchanja watoto zaidi ya waliopo. Ama watoto ni wengi kuliko tulivyodhani, ama walikuja wa eneo lingine, ama kuna aliyeandika mara mbili. Na ikiwa watoto ni wengi kuliko tulivyodhani, basi yamkini wapo wengi ambao hawakuchanjwa kabisa, nao wamefunikwa na hiyo 110 yenye kupendeza.

Kuhusu wastani nitasema machache tu. Mitumbwi mitano imerudi alfajiri kutoka ziwani. Minne imeleta beseni 5 za ndagala kila mmoja, na wa tano umeleta 60. Jumla ni beseni 80, na ukigawa kwa mitumbwi mitano wapata 16. Atakayesikia kwamba wastani ni beseni 16 atadhani wavuvi wote wameshiba, wala hakuna hata mtumbwi mmoja ulioleta 16. Ukiipanga mitumbwi kutoka ule mdogo hadi ule mkubwa na kutazama ule wa katikati, wapata 5, na hiyo ndiyo habari ya kweli ya wavuvi wa usiku ule. Hali kadhalika mkiambiwa kwamba wagonjwa kwa wastani hufika hospitali baada ya siku fulani, ulizeni yule wa katikati alifika lini.

Sasa tuje kwenye karatasi ya mistari, ambayo wengi huitazama ukutani kama picha ya fundi wa umeme. Si ngumu. Mstari wa chini ni kama ufuko wa ziwa: umepangwa siku za mwezi, tarehe 1 mkono wa kushoto, mwisho wa mwezi mkono wa kuume. Mstari wa kusimama ni kama mlingoti: umeandikwa 0 chini, halafu 5, 10, 15 kwenda juu. Kila siku tunapanga visanduku, kisanduku kimoja kwa mgonjwa mmoja, kimoja juu ya kingine. Mwisho wa mwezi visanduku vimekuwa vilima. Kilima kinachopanda ghafla na kushuka ghafla hutuambia kwamba watu wengi walipata ugonjwa mahali pamoja kwa wakati mmoja, kwa mfano katika karamu ya matanga au katika kisima kimoja. Vilima vinavyofuatana, kila kimoja kikizidi kilichotangulia, hutuambia kwamba ugonjwa unatoka mtu kwa mtu, nyumba kwa nyumba. Mwenye kuzoea kutazama milima juu ya Uvira hatashindwa na karatasi hii. Ila aangalie mlingoti unaanzia wapi. Ukianzia 0, ni vema. Ukianzia 90, kupanda kutoka 95 mpaka 98 kutaonekana kama kupanda Itombwe kwa miguu, na kumbe ni hatua moja ya ngazi.

Karatasi za namna hii zimekwisha kutusaidia hapa hapa. Mwaka wa 2015 ilitangazwa kazi ya watafiti wa chuo kimoja cha London kinachoshughulika na usafi na magonjwa ya nchi za joto, waliochunguza mji wetu wa Uvira. Hawakumchoma mtu sindano. Hawakuleta dawa mpya. Walichukua maandishi ya namna mbili. Ya kwanza yalikuwa ya wagonjwa waliolazwa katika kituo cha kolera cha Uvira kutoka mwaka 2009 mpaka 2014: siku waliyoingia na mtaa waliotoka. Ya pili yalikuwa ya mtambo wa maji ya mji, unaochukua maji ya Mulongwe: kila siku ulitoa maji kiasi gani. Kisha wakaweka hesabu hizi mbili pamoja, siku kwa siku.

Ninyi mnajua umeme unapokatika inakuwaje. Pampu hazizunguki, bomba linalia hewa tu, na akina mama na watoto wanashika bidoni kwenda ziwani au mtoni. Basi watafiti wakaona hivi: baada ya siku ambayo bomba halikutoa maji kabisa, katika siku 12 zilizofuata walioingia kituoni waliongezeka 155 kwa mia, kuliko baada ya siku ya maji tele. Msielewe vibaya. Haina maana kwamba waliugua watu 155. Maana yake ni kwamba mahali ambapo wangekuja 100, walikuja 255. Au kwa kusema kwa mkono, mahali pa wawili walikuja watano. Wakakadiria tena kwamba karibu robo ya wagonjwa wote wa miaka ile, yaani 23 katika kila 100, walihusika na upungufu wa maji ya bomba.

Kwa nini siku 12, wala si kesho yake? Kwa sababu mtu akimeza mdudu wa kolera leo, aweza kuanza kuhara baada ya saa chache au baada ya siku tano. Naye akihara, aweza kumwambukiza dada yake anayemfulia nguo, na huyo naye ana siku zake. Kwa hiyo anayetafuta kosa la maji katika wagonjwa wa siku ile ile hataliona. Hapa ndipo swali la siku ya kuanza kuhara linapopata kazi yake. Ukimjibu mwuguzi “jana” na kumbe ni juma lililopita, umesogeza kisanduku chako mahali pasipo pake.

Labda mwenye akili atapinga: Mambo mawili kwenda pamoja si lazima moja limzae mwenzake. Ni kweli, nami nampongeza. Wazee walisema kwamba maembe yaleta homa, maana kila maembe yakiiva, homa nayo imejaa. Lakini mwembe hauna kosa. Maembe huiva wakati wa mvua, na mvua ndiyo inayowapa mbu madimbwi ya kutagia. Je, haiwezekani kwamba siku za bomba kukauka zilikuwa pia siku za joto, au za sikukuu, au za jambo lingine lililoleta kolera?

Watafiti waliwaza hivyo pia, na ndiyo sababu mtaa wenu ulikuwa wa thamani kuandikwa. Waliitenga mitaa inayotumia sana maji ya bomba na ile inayoyatumia kidogo. Mitaa ya bomba kwa kawaida ilipeleka wagonjwa wachache kuliko mingine. Lakini bomba lilipokauka, mitaa hiyo hiyo ndiyo iliyopigwa zaidi: wagonjwa wake walifika kiasi cha mara 3.7 ya kawaida ya siku za maji tele. Wale ambao siku zote hunywa maji ya ziwa, kukauka kwa bomba kuliwagusa kidogo tu, kwa maana bomba halikuwa lao. Kama sababu ingekuwa joto au sikukuu, wote wangepanda pamoja. Tena watafiti hawakujifanya kwamba ile 3.7 ni neno lililoshuka kutoka mbinguni. Waliandika wazi kwamba ukweli ungeweza kuwa karibu na mara 2, au kufika mara 7. Mimi huwaamini zaidi wenye hesabu wanaosema hivi kuliko wale wanaoleta tarakimu moja iliyonyoka kama msumari.

Na walisema jambo moja lisilotupendeza sana sisi tunaohubiri klorini. Walipima kama kiasi cha klorini katika maji yanayotoka mtamboni kilifuatana na kupanda na kushuka kwa wagonjwa, wasione ufuatano. Naliandika hapa kwa sababu mtu asiyetangaza ila hesabu zinazompendeza ni mchuuzi. Ila msiitumie habari hii kumwaga klorini yenu; hiyo iliyopimwa ni ya mtamboni. Ile unayotia katika bidoni nyumbani, baada ya maji kupita katika mikono na vikombe vingi, ni jambo lingine. Nami naona kwamba somo kubwa la kazi ile ni hili: bomba likitoa maji kila siku, hilo lenyewe ni dawa, na mji una haki ya kulidai kwa karatasi mkononi.

Hayo si mapya duniani. Mwaka wa 1854 kolera ilikuwa London. Wakuu wa wakati ule waliamini kwamba ugonjwa unaletwa na harufu mbaya. Mganga John Snow alidhani unaletwa na maji. Kusini ya mji kulikuwa na kampuni mbili zilizouza maji ya mto Thames katika barabara zile zile, nyumba hii ya kampuni moja na jirani yake ya nyingine. Moja, Lambeth, ilikuwa imehamisha mahali pake pa kuchota mpaka juu ya mto, kabla ya uchafu wa mji kuingia. Ya pili, Southwark and Vauxhall, ilichota bado katikati ya uchafu. Snow akatembea nyumba kwa nyumba za waliokufa akiuliza, Maji yenu ni ya kampuni gani? Wapangaji wengi hawakujua, maana mwenye nyumba ndiye aliyelipa. Basi akachukua maji kidogo akayapima chumvi, kwa kuwa maji ya kampuni ile ya chini yalikuwa na chumvi nyingi zaidi.

Kisha akauliza swali letu. Katika nyumba 40,046 za Southwark and Vauxhall walikufa 1,263. Katika nyumba 26,107 za Lambeth walikufa 98. Ukiziweka sawa, ni wafu 315 katika kila nyumba 10,000 upande mmoja, na 37 upande mwingine. Hewa ilikuwa moja na harufu moja. Maji ndiyo yaliyokuwa mawili. Naye Snow hakumjua mdudu wa kolera; Robert Koch alikuja kuwathibitishia waganga habari za mdudu huyo karibu miaka 30 baadaye, mwaka wa 1884.

Sasa nitatoa shauri langu, nami najua wako wasiolipenda. Majibu yenu huandikwa kitandani, hukusanywa ofisini, hupelekwa Bukavu na Kinshasa, na mengine huvuka bahari yakawa vitabu. Mama wa Kalundu aliyejibu akiwa hoi hayaoni tena. Naona si haki. Karatasi ya kila juma ingebandikwa mahali wagonjwa wanapokaa kungoja, isomwe kanisani baada ya matangazo, na chefu wa mtaa apewe nakala yake.

Hunijibu kwamba watu wataogopa, watakimbia, na samaki hawatanunuliwa sokoni. Lakini hofu imekwisha kuwapo, nayo hutembea bila karatasi. Iliyoandikwa angalau inaweza kushuka. Mtu ataona juma hili 14, lililopita 22, naye atapumua. Uvumi haushuki kwa namna hiyo.

Ila nashika masharti. Jina la mtu lisiandikwe kamwe. Na penye nyumba tatu tu, hata kutaja kijiji ni kumtaja mtu. Hapo vijiji viunganishwe. Tena wasiandike idadi tupu, kwa maana mtaa mkubwa utaonekana mchafu kwa sababu tu ni mkubwa. Waandike ni wagonjwa wangapi kwa kila watu 1,000, wakisema wazi kwamba hizo 1,000 ni za makadirio. Na waseme pia kwamba si kila anayelazwa kwa kuhara ana kolera. Vipimo vimeonyesha kwamba sehemu kubwa yao wana vidudu vingine.

Lakini jambo linalonisumbua kuliko yote ni sifuri. Sifuri katika karatasi ina maana mbili: ama hakuna aliyeugua, ama hakuna aliyeandika. Ukitazama karatasi, mitaa iliyo karibu na hospitali imejaa visanduku, na vijiji vya mbali, kule milimani na njia ya Makobola, vyaonekana vizima kabisa. Je, ni vizima? Au wanakufa usiku, wakazikwa asubuhi, na hakuna neno lililoteremka? Anayegawa klorini na mabomba hutazama karatasi. Akikuta sifuri anapita. Yule aliyetaja mtaa usio wake kwa haya ameuondolea mtaa wake kisanduku, na yule aliyezika mtoto bila kumwambia mtu ameuondolea kijiji chake kingine. Simlaumu aliyezika, machozi hayana nafasi ya karatasi. Namwomba jirani yake afanye kazi hiyo.

Jirani huyo hahitaji kuleta jina la marehemu. Alete maneno manne: umri, kijiji, siku kuhara kulikoanza, na mahali walipochota maji. Aweza kumwambia mjumbe wa afya, au mchungaji, au kumpa mwenye pikipiki anayeteremka sokoni kipande cha karatasi. Hata akichelewa majuma mawili tutakiweka kisanduku katika siku yake. Kwetu karatasi ya juma hubandikwa siku ya Jumatatu, kando ya ndoo ya kunawia mikono. Asiyejua kusoma amwite mwuguzi ye yote amsomee, na mwuguzi akimtajia tarakimu moja tu, amdai ile ya pili.